Nilivyokuwa Tajiri wa Msafara

Juzi kijana anayeuza asali karibu na kwangu hapa Ipuli alinipa bonge la nta ya nyuki bure, eti nyongeza kwa mteja wa siku nyingi. Nikaliweka dirishani. Jua likalipiga mchana kutwa, na kufika alasiri nyumba nzima ilikuwa inanuka nta. Najua wapo ambao harufu hiyo huwakumbusha mizinga ya baba zao na raha za porini. Mimi ilinitia hasira. Nikalichukua lile bonge nikalitupa kwenye shimo la taka, na mjukuu wangu akabaki ananitazama. "Bibi, nta nayo imekukosea nini?" Nikamwambia aende akaoge.

Lakini swali lake limenikaa, na siwezi kumjibu yeye. Hawa watoto ukiwatajia vijiji vya ujamaa wanadhani unataka kuwasimulia habari za sungura na fisi. Nawajibu ninyi wenzangu wa rika langu, mliokaa kwenye madawati yale tukifundishwa kumchukia mnyonyaji kabla hatujamwona hata mmoja.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa mjini Tabora, mwenye mkono mzuri wa kukata makoti. Hata hivyo kwa miaka kadhaa ya utoto wangu hakumshonea mtu nguo. Alikuwa mzee wa miaka mia. Umri wake wa kweli ulikuwa thelathini na kidogo, ila kila tulipokaribia shule ya watu alishuka kwenye baiskeli, akachuchumaa kando ya njia, na mimi nikambandika ndevu nyeupe za katani kwa nta. Kulainisha nta ilikuwa kazi yangu, na nililainisha kwa kutafuna. Asubuhi nyingi nimetafuna nta kabla ya chai, na nyingine bila chai kabisa. Ndevu zikishashika alivaa joho jekundu alilolishona mwenyewe kwa pazia kuukuu, akachomeka manyoya ya kanga kichwani, akajitwika begani pembe ya ndovu aliyoichonga kwa mti wa mninga na kuipaka chokaa. Hapo hakuwa baba tena. Alikuwa Babu Maganga, kirangozi, yaani yule aliyetangulia mbele ya msafara na ngoma, akiwaongoza wapagazi kutoka Unyamwezi hadi Pwani na kurudi.

Ilianza kwa mzaha. Uhuru ulikuwa umekuja lakini vitabu vya historia shuleni vilikuwa bado vile vile vya wafalme wa Ulaya, na walimu walihangaika wafundishe nini. Bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni alimwona baba akiigiza upagazi kwenye sherehe ya shule moja hapa mjini, akapendezwa, akampatia kibali chenye muhuri. Mwenye barua hii anaruhusiwa kuingia katika shule za msingi, kufundisha historia yetu kwa maonyesho. Baba aliikunja ile barua ndani ya karatasi ya nailoni akaishonea mfuko wake ndani ya joho, upande wa moyo. Cherehani ikafunikwa shuka.

Kile kibali kilikuwa na kazi ya pili. Siku zile kila mtu mzima alitakiwa awe na shamba kijijini, alime na wenzake, na asiye na jembe aliulizwa maswali. Baba hakuwa na shamba hata la kupanda mchicha. Akisimamishwa na mtendaji alitoa barua yake, mtendaji akausoma muhuri, tukapita. Barua isingekuwepo, msafara wa Babu Maganga ungeishia kwenye kibanda cha kwanza cha mtendaji. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Mama alikuwa ameachika na kuolewa tena Kigoma. Alikuwepo shangazi, dada wa baba, aliyekaa hapa hapa Ipuli, na kila tuliporudi mjini waligombana kwa ajili yangu.

"Mwache Zuhura hapa asome," shangazi alisema. "Mtoto ana miaka tisa, anajua kila shule ya mkoa huu na hakuna shule inayomjua yeye."

"Mwakani, dada."

"Mwakani ulisema mwaka jana."

"Sasa tajiri wa msafara atakuwa nani?"

Tajiri wa msafara nilikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza nieleze njia, kwa sababu watu wakisikia habari za baba wanasema, "Lo, mlitembea, mliona mengi!" Tuliona vumbi. Nilikaa kwenye keria ya baiskeli, ngoma mapajani, ile pembe ya mninga imefungwa ubavuni na inanigonga goti kwa kila shimo la barabara, toka Tabora hadi Usoke, toka Usoke hadi Kaliua, na mara moja tuliishika njia ya kusini mpaka Sikonge. Msitu, kijiji, msitu. Baba alikuwa na sharti moja lililonitesa kuliko mashimo: ndevu zikishabandikwa, hazibanduliwi mpaka tumemaliza, na muda wote huo nisimwite baba. Nikisema, "Baba, nina njaa," hakusikia. Nikisema, "Babu, nina njaa," alikohoa kizee, akanijibu, "Msafara haujafika kambini, mjukuu wangu. Maji yapo mbele." Nilikuwa nataka muhogo, yeye ananipa historia.

Mnavikumbuka vizuizi vya mbung'o, pale ambapo kila chombo kilisimamishwa ili kisivushe wale inzi kutoka porini? Katika kizuizi kimoja alikuwepo mzee wa makamo na kijiwavu chake cha kunasia, mtu mwenye mvi za kweli, aliyempita baba kwa miaka ishirini. Akaona ndevu, akainama. "Shikamoo, mzee." Na baba, bila haya, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?" Yule bwana akaizunguka baiskeli yetu na wavu wake kwa adabu zote, akampa baba kiti akalie. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kupokea shikamoo ya aliyekuzidi umri ni laana, na niliamini kabisa kwamba tukitoka pale baiskeli itatuangusha. Haikutuangusha, na hilo nalo liliniudhi.

Somo lenyewe lilikuwa zuri. Ninasema hivi japo sipendi. Ngoma ilianza kulia nje ya darasa, watoto wakanyoosha shingo, kisha Babu Maganga akaingia na pembe yake. "Mwangaluka!" Darasa zima likaitikia Kinyamwezi walichokatazwa kukisema darasani, na tayari watoto ni wake. Aliwachagua vijana kumi, akawapa viroba vya mchanga. "Huu ni mzigo wa frasila mbili. Babu yako aliubeba miezi mitatu, wewe zunguka uwanja." Walizunguka wakiimba. Halafu katikati ya safari wapagazi waliweka mizigo chini, wakakaa, wakagoma. Hawainuki mpaka tajiri alipe doti za merikani, vile vitambaa vya ujira alivyoahidi.

Hapo ndipo nilipoingia. Nilivaa kanzu iliyonifika mpaka kwenye vumbi, masharubu ya masizi, na mwavuli uliovunjika mbavu. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele: "Inukeni! Pembe zangu zinachelewa! Inukeni, wavivu ninyi!" Wapagazi walikataa, wenzao wakawashangilia. Shule ya kwanza ndiyo iliyoanza kunizomea, sijui ni mtoto gani, lakini baadaye kila shule ilifanya hivyo, ni kama walikuwa wanapelekeana habari. "Kupe! Kupe! Kupe!" Ninyi mnajua neno hilo lilikuwa na uzito gani wakati ule. Kupe ndiye anayekaa juu ya mgongo wa mwenzake na kunyonya. Kupe alikuwa kwenye nyimbo za mchakamchaka, kwenye hotuba, kwenye michoro ya ukutani, ana tumbo na kofia. Sasa kupe alikuwa mimi, mwembamba, na njaa yangu tumboni.

Somo likiisha nilifuta masharubu, nikaenda kusimama karibu na wasichana wanaoruka kamba. Walihama. "Kupe huyo." Hakuna aliyekuwa na chuki, walikuwa watoto tu, ila mimi kesho yake nilikuwa kupe mahali pengine. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo mno: dawati, na msichana mmoja pembeni yangu anayenijua kwa jina. Na daftari. Nilikuwa nayachungulia madaftari yao madirishani. Kusoma nilijua kwa vipande, herufi za shule hii na hesabu za shule ile, kwa hiyo niliweza kuzidisha kwa saba lakini si kwa sita.

Sasa nieleze habari za utani, maana kila kitu kiliharibikia hapo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za hiyo misafara. Babu zetu walifika Pwani na mizigo, babu zao wakawapokea, wakacheka pamoja, wakazikana. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kukutukana mbele ya wakwe zako, kulala kwenye kaburi lako akidai chakula. Huruhusiwi kukasirika. Baba alinifundisha kanuni zake njiani, nikiwa kwenye keria. "Mtani akikutukana, usimkatalie. Mkubalie, kisha umwongezee. Ukinuna, umeshindwa." Tena akaongeza kwamba kama mkubwa wako amezidiwa maneno, mtoto anaruhusiwa kumsaidia, na mtoto anayejua utani ni sifa kwa aliyemlea.

Nilikuwa hodari. Katika shule moja upande wa Usoke palikuwa na mwalimu Mzaramo aliyempokonya Babu manyoya yake akayavaa yeye. "Huyu Mnyamwezi ananuka kwapa za wapagazi mia!" akasema. Nikaruka mbele na kanzu yangu. "Kweli ananuka! Tumemwambia aoge, anasema anangoja Mzaramo ambebee maji!" Walimu walicheka hadi mmoja akaketi chini. Njia nzima baba alikuwa anatikisika kwa kicheko juu ya baiskeli, anarudia, "Ambebee maji!" Siku ile alizibandua ndevu mapema, akaninunulia asali kwenye jani, akaniita kwa jina langu. Sijawahi kumfurahisha hivyo tena.

Mwaka wa tatu wa kibali, ikaja barua. Ofisi ilikuwa na mkaguzi mpya aliyetoka Pwani, na kabla ya kugonga muhuri mwingine alitaka aone somo kwa macho yake. Tena alikuwa amesikia kwamba Babu Maganga anawasifu wapagazi. Barua ilishauri waonyeshwe walivyokuwa: watumwa wa wenye mali, wamefungwa minyororo.

Shangazi aliisoma kwa sauti. "Mnyororo tu? Utapatikana. Vaa mnyororo, upate muhuri wako, mtoto asome mwakani hiyo hiyo unayoisema."

"Babu yangu hakufungwa mnyororo."

"Babu yako amekufa. Ataona?"

"Watumwa walikuwepo na huwa nawaeleza watoto," baba alisema. Alikuwa ameushika mkasi wa kukatia nguo, anaufungua na kuufunga. "Lakini babu yangu alikwenda kwa miguu yake. Alijadili ujira wake. Alipodhulumiwa aligoma. Alirudi na vitambaa, ndipo baba mkwe wake akakubali kumpa binti, kwa sababu asiyefika Pwani hakuhesabiwa mwanamume. Nimfunge mnyororo mimi mjukuu wake, mbele ya watoto?"

"Basi kifunge kibali hicho mnyororo, kisikuponyoke."

Mimi nilikuwa upande wa shangazi. Ningeuvaa huo mnyororo mimi mwenyewe kama ungenifikisha darasani.

Siku yenyewe tulikutana katika shule ya kijiji kipya, njia ya kwenda Isikizya, nyumba zimepangwa mstari na bati la shule bado linang'aa. Mkaguzi alifika kwa gari la serikali. Alikuwa mtu mnene kiasi, mcheshi, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alipomwona Babu Maganga akaanza kucheka kabla hajafika. Akamtupia mkoba wake.

"Mnyamwezi! Umesimama tu? Beba mzigo!"

Baba akaudaka, akaujitwika kichwani, akatembea mwendo wa kipagazi hadi ofisini na shule nzima ikipiga makofi. "Nabeba, Mzaramo wangu, lakini leo unalipa kwanza. Ninyi ngoma ikilia tu mnaacha ugali jikoni unaungua, deni mtalikumbuka?"

Mkaguzi akacheka, akampiga baba bega. Moyo wangu ukatulia. Nikasema ndani yangu, kumbe ni mtani! Wiki nzima baba hajala vizuri kwa ajili ya mtani?

Somo lilikwenda vizuri kuliko siku zote. Wapagazi waligoma, nikapiga kelele, nikazomewa. Mwishoni mkaguzi akainuka kwenye kiti chake akaja mbele, amefungua kitabu chake cha kuandikia, bado anatabasamu. Tabasamu lile ndilo sijalisamehe.

"Mzee, mnyororo uko wapi?"

"Sina, Bwana Mkaguzi. Huyu ni mpagazi wa ujira."

"Ujira!" Akawageukia watoto. "Mtu anabeba pembe za tajiri miezi mitatu kwa kipande cha kitambaa, halafu anajisifu. Tumwite nani? Mimi namwona mtumwa. Tena mtumwa mbaya ni huyu, anayeupenda mzigo!"

Watoto wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Nilimtazama baba nikangoja. Akubali, aongezee! Alikuwa kimya, ngoma imemning'inia, na mimi nikaona aibu. Nikajua amezidiwa maneno.

Mkaguzi akanigeukia. "Na wewe kupe mdogo mwenye masharubu. Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake."

"Hebu tuambie, baba yako huyu shamba lake liko wapi?"

Kanuni niliijua. Usikatae. Kubali, kisha ongeza. Nikaupigiza mwavuli chini.

"Shamba? Huyu jembe analijua kwa jina tu! Mvivu tangu azaliwe. Anazunguka shule na shule anakula mahindi wanayolima watoto, anashiba, anahamia shule nyingine. Mnanizomea mimi bure. Kupe ni huyu!"

Watoto walipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, mikono kiunoni, nikamtazama mkaguzi nikimngoja arudishe. Hakurudisha. Alikuwa anaandika. Kicheko kikafa kidogo kidogo, kuanzia kwa walimu, halafu darasa la saba, halafu wadogo.

Mkaguzi akainua uso. Hakutabasamu tena. "Mtoto anatania huyu, au anasema kweli?"

Ilikuwa rahisi. Baba angesema neno moja, "anatania," angepona, au angepata njia ya kujitetea. Sikulielewa hilo. Mimi nilifikiri bado tunacheza, na kwamba sasa Babu Maganga ataangusha neno kubwa la kumaliza mchezo. Badala yake baba aliinua mkono, akashika ndevu, akazibandua. Nta ilikuwa imeshika kweli kweli siku ile, ikang'oka na ngozi kidogo, pakabaki pekundu kidevuni. Hakuwahi kuzibandua mbele ya wanafunzi, hata mara moja. Watoto waliguna. Mmoja wa darasa la kwanza akaanza kulia, kwa sababu mzee amekufa na ametokea mtu mwingine ndani yake.

"Sina shamba," baba alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwanangu hasemi uongo."

Mkaguzi alinyoosha mkono. Baba akapapasa ndani ya joho, akakata uzi wa mfuko kwa meno, akampa ile karatasi ya nailoni. Yule bwana hakufurahi, nimpe haki yake. Alishusha sauti, "Mtani, mimi nami nina wakubwa zangu." Halafu akamwita mwalimu mkuu, akamwelekeza kwamba baba apewe ekari hapo hapo kijijini, aandikwe na wenzake, na mtoto aanze shule Jumatatu. Ikawa imekwisha. Wapagazi walirudisha viroba vya mchanga nyuma ya choo.

Tulirudi mjini kuchukua vyombo, baba anaikokota baiskeli, mimi natembea nyuma kwa hasira. Nilimkasirikia! Naomba mnielewe, nilimkasirikia yeye. Tulipolipita daraja nikashindwa kujizuia.

"Baba, kwa nini umenuna? Umeshindwa utani mbele ya shule nzima. Ungemwambia, 'Sina shamba kwa sababu mimi na Mzaramo tumegawana: yeye acheze ngoma, mimi nimpigie, na mke wake atulimie!'"

Baba alisimama. Akacheka. Alicheka kweli, ameegemea usukani, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la joho. "Hilo zuri," akasema. "Hilo zuri sana, Zuhura." Kisha akaushika usukani tena. "Mwanangu, yule asubuhi alikuwa anatania. Mchana hakuwa anatania."

"Nilijuaje?"

"Alikuwa ameshika kalamu."

Tulitembea. Mambo yalikuwa yananiingia taratibu, na kila lililoingia lilikuwa baya kuliko lililotangulia. "Sasa kwa nini hukusema natania?"

"Angekuuliza tena wewe, kwa ukali. Ungesema nini? Ungekana, ungekuwa mwongo mbele ya watoto wale. Nami nilikwisha kuona kwamba kibali kimekwenda, na wewe utakaa nao." Akaupanda mlima mdogo akihema. "Tena hukukosea. Shamba sina."

Niseme jambo ambalo sikumwambia yeye wala shangazi. Yale maneno hayakuwa utani wote. Njaa yangu ilikuwemo, na goti langu, na wasichana wanaohama na kamba yao. Niliposema "Kupe ni huyu" nilisikia raha ambayo utani hautoi. Nimejaribu miaka mingi kupima palikuwa na utani kiasi gani na hasira kiasi gani, na kila nikipima napata jibu jingine. Na mkaguzi aliposema habari za Jumatatu, huku kibali cha baba kimechukuliwa na kidevu chake kinavuja damu, nilifurahi. Njia nzima nilijitahidi kununa na nilishindwa.

Cherehani iliuzwa, tukahamia kijijini. Baba alipewa ekari yake. Alilima kama fundi cherehani, matuta yamenyooka sana na mahindi hayana nguvu, na wenzake walimcheka. Mimi nilipewa dawati, na msichana wa pembeni yangu. Kwa wiki moja waliniita kupe, halafu wakasahau, wakaniita Zuhura. Nilipata daftari lenye jina langu.

Muhula ule ule tulifika kwenye historia ya biashara za zamani. Mwalimu wetu, kijana mpole aliyekuwepo siku ile na kupiga makofi, alisoma imla kutoka kwenye karatasi zilizotoka ofisini, bila kunitazama. Tukaandika. Baada ya siku chache likaja jaribio la maswali kumi. La tisa liliuliza: Wapagazi walikuwa watu gani? Nilikaa na swali hilo mpaka wenzangu wakaanza kukusanya. Nilijua majibu mawili, na nilijua lipi lina alama. Nikaandika: Wapagazi walikuwa watumwa waliofungwa minyororo na kulazimishwa kubeba pembe za matajiri. Mwalimu akaniwekea vema kwa wino mwekundu.

Nilikimbia na lile daftari mpaka shambani. Baba aliweka jembe chini, akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, viganja vimejaa malengelenge, akalishika daftari kwa ncha za vidole asilichafue. Alisoma kuanzia swali la kwanza, hakuruka hata moja. Alipofika la tisa alikaa hapo. Kisha akasoma la kumi.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. Akanirudishia daftari, akainama akaokota jembe.

Nilikuwa nimepata kumi kwa kumi, wa kwanza darasa zima. Nilisimama pale mwisho wa tuta nikamtazama akilima, nikitamani anichape.